Tablo, kicheko na jina la muchoraji: toka ukuta wa nyumba mpaka ku telefoni



Familia yetu iko na kundi la WhatsApp. Tuko watu 60 na zaidi: wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, na wengine walioenda Ubelgiji na Afrika ya Kusini. Kila asubuhi kunaingia salamu, matangazo ya kilio, maombi ya feza ya masomo, na vichekesho mingi kupita yote. Siku moja mutoto wa ndugu yangu alituma picha. Mutu mumoja amelala chini kwa tumbo, suruali imeshushwa. Polisi mwenye kofia nyekundu anamupiga fimbo ya kiboko. Pembeni muzungu mwenye kofia nyeupe anaangalia, mikono nyuma. Wanawake wawili wanalia. Juu ya nyumba ya matofari kuna bendera ya Ubelgiji. Na chini ya picha waliandika kwa herufi kubwa: «Siku ya kwanza ku kazi, patron ameona umekawia.»

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, siwezi kuficha.

Kisha baba mudogo, mwenye amepita miaka 80 na hapendi kuandika, alituma sauti ya dakika tano. Kwanza kikohozi, kisha: «Jambo yenu bote. Nimeona ile tablo. Ile tablo tulikuwaka nayo mu nyumba, pa ukuta, pale bageni banaikala. Ule mwenye kulala pale chini, ule ni baba ya mutu. Mucheke, sikatazi. Lakini ni nani alifanyaka ile tablo? Jina yake iko wapi?»

Tuliangalia. Jina halikuwa. Sehemu ya chini ya tablo ilikatwa ili kupata nafasi ya maneno ya kuchekesha. Tangu siku ile nilianza kuuliza wazee na kusoma vitabu, na kurasa hizi zimetoka mule.

Tablo mu nyumba

Vijana wengi wanafikiri kwamba kutumiana picha za kuchekesha kumeanza na telefoni. Tuseme kweli: telefoni imekuta desturi tayari. Hapa Katanga, iliyoitwa Shaba toka mwaka 1971 mpaka 1997, kulikuwa wachoraji wengi wasiofundishwa ku masomo ya sanaa. Walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, waliponda rangi walizopata sokoni, na walitembeza tablo mukononi toka nyumba mpaka nyumba, ku Kenya, ku Katuba, ku Kamalondo, mpaka ndani ya kambi za wafanyakazi. Wanunuzi hawakuwa wazungu wala watajiri. Walikuwa watu wa Gécamines, wa reli, waalimu, makarani, wachuuzi. Mutu anapokea mushahara, ananunua unga, analipa deni, na feza kidogo inayobaki anampa muchoraji. Hii ilipanda sana katika miaka ya 1960 na 1970.

Mambo yaliyochorwa hayakuwa mingi, na hilo ni la maana. Kulikuwa Mamba Muntu, mwanamuke mwenye mukia wa samaki, nywele ndefu, anakaa pembeni ya maji. Kulikuwa mutu aliyepanda muti: juu nyoka anamungoja, chini simba, na ndani ya maji mamba amefungua kinywa. Kulikuwa wakubwa wa zamani, vita ya secession, treni, kiwanda na chimini yake. Na kulikuwa ile tuliyotumiwa ku telefoni. Jina lake liliandikwa mara mingi juu ya tablo yenyewe kwa kifaransa: Colonie belge, na miaka 1885 mpaka 1959.

Muchoraji mumoja aliiga mwenzake, na huyu aliiga mwingine, na hakuna aliyesema «umeniiba». Munuzi mwenyewe alikuja kusema: nataka Mamba Muntu sawa ile ya jirani, lakini nywele zake ziwe ndefu zaidi, na umuwekee saa ku mukono. Kila muchoraji aliongeza kitu kidogo chake: mwingine nyoka, mwingine miwani, mwingine gari upande ule wa mutu. Mule ndimo watu walipima akili yake. Mukiangalia vizuri, ndivyo vijana wanafanya leo na picha moja inayobadilishwa maneno mara mia.

Tena tablo ilikuwa ya kuchekea. Mugeni anaingia, anaona Mamba Muntu pa ukuta, anauliza mwenye nyumba: «Ee, kumbe feza unatoa kwa huyu?» Kwa maana kila mutu alijua habari: mwenye kupata kitana ao unywele wa Mamba Muntu, yeye mwenyewe anakuja usiku kuutafuta, na anatoa utajiri, lakini kwa masharti mazito na siri kubwa. Basi mwenye nyumba anajitetea, mama wa nyumba anaongeza neno lake kutoka jikoni, na mazungumzo yameanza. Nyumbani kwetu tulikuwa na Mamba Muntu mwenye jicho moja kubwa kupita lingine. Baba alisema muchoraji alikuwa na haraka. Mama alisema hapana, anamukonyezea baba jicho. Walibishana hivi zaidi ya miaka 10.

Neno ambalo wachoraji na wanunuzi wenyewe walitumia lilikuwa ukumbusho. Mwalimu Johannes Fabian, aliyefundisha kwenye Chuo Kikuu hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwenzake Ilona Szombati-Fabian, walisikia neno hilo na waliandika juu yake mwaka 1976. Ukumbusho si kusema tu «ilikuwa hivi». Ni kitu kinachokuamusha ufikiri na useme. Tablo ya fimbo ya mukoloni, iliyotundikwa wakati wa Mobutu, haikusema habari za wabelgiji peke yake. Watu walikuwa na akili. Waliona polisi, waliona mutu wa chini, na walijua polisi wa leo wamevaa kofia nyingine. Hakuna aliyelazimika kulisema. Walicheka kidogo, waliguna, na wakaendelea kunywa.

Kwa hiyo baba mudogo hakukasirikia kicheko. Kicheko kilikuwamo tangu zamani.

Mutu mwenye kusema

Tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1926, karibu na Bukama, mubelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa ku ukuta na Albert Lubaki. Alimupa karatasi na rangi ya maji. Antoinette, muke wa Lubaki, alichora pia. Karatasi zilienda Ulaya, zikaonyeshwa Bruxelles mwaka 1929. Ukuta ulibaki ku mvua. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua atelye hapa Élisabethville, na humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, wachoraji wa ajabu. Lakini tablo zao zilinunuliwa zaidi na wazungu. Napita haraka hapo, kwa sababu habari yetu ni ya nyumba za watu wa kawaida.

Ninayetaka kukaa naye ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa Élisabethville mwaka 1947. Mwisho wa mwaka 1973 alifika pa mulango wa Fabian akiwa na tablo za kuuza, kama wengine wote. Lakini huyu alisema kitu kingine: yeye ni mwenye kuandika historia, tu kwamba anaiandika kwa rangi. Fabian alimuambia achore historia yote ya inchi. Katika miaka 1973 na 1974 alichora tablo zaidi ya 100: toka wakubwa wa zamani na kufika kwa wazungu, mpaka Lumumba, mpaka secession, mpaka Mobutu, na mpaka siku zisizofika bado. Moja inaonyesha Lumumba, Okito na Mpolo, waliouawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na muji wetu huu. Wamelala chini, na mbali nyuma kuna misalaba mitatu. Hapo hakuna haja ya maelezo kwa mutu aliyekua kanisani.

Lakini maelezo yalikuwako. Kila alipoleta tablo, walikaa pamoja, mashine ya kurekodi ikizunguka, na Tshibumba alisema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: huyu ni nani, alifanya nini, juu ya nini nimemuvika hivi. Kanda zile ziliandikwa neno kwa neno. Kitabu kilitoka mwaka 1996, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 mazungumzo yenyewe, kwa Kiswahili chake, yaliwekwa ku intaneti, ndani ya akiba ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyofunguliwa ku Amsterdam. Tablo nazo ziko ndani ya akiba ya nyumba ya Amsterdam iliyoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka 2023. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hatukuona kaburi lake.

Nilisoma maneno yale kwa mara ya kwanza ndani ya cyber moja ya muji, wakati tulilipa kwa saa na moto wa SNEL ulikatika bila kuaga. Sikuamini. Ilikuwa sawa kusikia mujirani anasema nyuma ya ukuta. Maneno kama ya mama yangu, «ile njo vile», ndani ya ordinateri! Kwa miaka mingi masomoni walituambia Kiswahili chetu ni cha kuharibika. Sasa hiki hapa, kiko ku intaneti, na watu wa Ulaya wanajifunza kukisoma.

Jambo moja nalitilia nguvu: Tshibumba aliiga sana. Mwanamuke mwenye kulia, polisi mwenye kofia, bendera, vyote vilikuwa vya wachoraji wote. Hata hivyo tunajua tablo ni yake, kwa sababu aliweka jina, na kwa sababu kinywa chake kilisafiri pamoja na tablo.

Kucheka na wakubwa

Musifikiri ni tablo tu. Congo imecheka siku zote, na mara mingi kicheko kilikuwa njia pekee ya kusema. Mwaka 1960, chama cha PNP kilichopendwa na wabelgiji kilipewa maana mupya ya herufi zake: Parti des Nègres Payés, ni kusema weusi waliolipwa. Mobutu alipounda MPR mwaka 1967, haikukawia, watu walisoma: Mourir Pour Rien, kufa bure. Sheria ya «article 15», ya mutu ajitafutie mwenyewe, kila mutoto anaijua bila kuisoma kitabuni. Nani alitunga maneno haya? Hatujui, na hapo kutojua kulikuwa ulinzi. Jina lingemupeleka mutu gerezani. Radio trottoir haikuwa na mutangazaji.

Ku Lubumbashi tulikuwa na Mufwankolo na kikundi chake, ku radio na ku tele. Mwaka 1986 walicheza muchezo juu ya mesemo ya kwamba mamlaka inaliwa nzima nzima, haigawanywi. Hawakuandika maneno ya muchezo ule. Walikaa, walibishana juu ya maana ya mesemo, walipanga, kisha walienda kuucheza ku kijiji cha Kawama mbele ya kamera. Watu walicheka sana habari ya mukubwa wa kijiji. Ni mukubwa gani? Wa kijiji, bila shaka.

Ku Kinshasa, Chéri Samba alianza mwaka 1975 kuandika maneno ndani ya tablo zake ili wapita njia wasimame kusoma. Tena, tangu 1990, Papa Mfumu'Eto aliuza barabarani vitabu vidogo vya michoro kwa lingala, na kile cha nyoka mukubwa aliyemeza mwanamuke kilipita mikono mingi. Kitabu kimoja kilisomwa na watu 10 ao 20. Hakuna intaneti iliyohitajika.

Wakati mishahara ilikufa

Ukiuliza wazee tablo zetu zilienda wapi, watakuambia mambo ya mvua, panya, wezi. Sababu kubwa ni mushahara. Katika miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 muchimo wa Kamoto ulianguka, mwaka 1991 kulikuwa uporaji, kisha kulikuja kufukuzwa kwa ndugu zetu wa Kasai, kisha vita. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mara moja. Mutu asiye na mushahara hanunui tablo. Anauza ile aliyo nayo. Wazungu walipita wakinunua za zamani, na feza ile ilikuwa unga wa mwezi mumoja. Siwalaumu waliouza. Mamba Muntu wetu naye aliuzwa, na baba na mama walibaki wakibishana juu ya jicho lisilokuwapo.

Wachoraji wengine walianza kuchora bao za saluni na za wauza simu. Kazi ni kazi.

Halafu, bila mutu kutangaza, picha zilirudi kwa njia nyingine. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na aliyependa kwanza michoro ya bande dessinée, alichukua mwaka 2006 foto za zamani za wafanyakazi na wakubwa wa kikoloni, akazikata ndani ya ordinateri, akaziweka mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Aliita kazi ile Mémoire. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha, na muji wetu ulipata maonyesho makubwa ya kila miaka miwili. Mukiniuliza mimi, naona ni ukumbusho uleule: kata, bandika, mulazimishe mutu aulize.

Ku telefoni

Vijana wanaotunga vichekesho ku telefoni wanafanya kazi hiyohiyo, wengi bila kujua. Wanachukua sura ya mukubwa, wanaipa maneno ya mama wa sokoni. Wanachanganya Kiswahili, kifaransa na lingala ndani ya mustari mumoja. Na serikali imeonyesha kwamba inawaogopa: intaneti ilikatwa Januari 2015 wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, na tena tangu tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, kwa siku karibu 20. Siku zile vichekesho kwetu vilipita kwa Bluetooth, telefoni pembeni ya telefoni, sawa tablo ilivyopita mulango kwa mulango.

Lakini kuna kitu kimeharibika njiani. Picha ikitumwa mara nyingi inapungua nguvu, rangi zinakuwa matope. Mutu anapiga foto ya kioo cha telefoni, anakata pembe. Na jina liko pembeni siku zote! Kijana mumoja wa jirani yetu anachora kwa kidole ku telefoni yake, anachekesha sana. Muchoro wake mumoja ulienda Ulaya na ukamurudia kwa shangazi yake ukiwa na jina la mutu mwingine. Baadaye aliona muchoro uleule juu ya maflana ya duka moja ya muji. Alienda kuuliza. Walimuambia: «Petit, ile iko ku intaneti, ni ya bote.» Sheria ya kulinda haki za watungaji iko katika inchi yetu tangu tarehe 5 Aprili 1986. Lakini kijana huyu angelipa nini kwa avoka? Hana hata feza ya mega.

Wengine wananijibu: si ulisema wachoraji wa zamani waliigana? Ndiyo. Waliigana, na kila mumoja alikula kwa kazi ya mukono wake, na aliweka jina lake chini ya kazi ile. Yule wa duka hakuiga kitu. Yeye aliondoa mutu na kuacha picha.

Na pamoja na jina kinaondoka kinywa. Mwisho wa mwaka 2025, ku Kombe la Afrika kule Morocco, mushabiki mumoja wa Congo alisimama michezo mizima bila kutikisika, amevaa vizuri, miwani, mukono mumoja juu, sawa sanamu ya Lumumba. Dunia yote ilitumiana picha ile. Sisi tulicheka na tulilia pamoja, kwa sababu tulijua ni nani amesimama pale. Algeria ilipotutoa, Januari 2026, muchezaji wao mumoja alimuiga na kujiangusha chini kwa muchezo. Kisha aliomba musamaha, akasema hakujua maana yake. Mimi nilimuamini. Aliona picha tu, hakusikia maelezo. Watoto wetu nao walipocheka yule wa kulala chini ya kiboko, kosa lao lilikuwa lile lile, na sisi wazazi ndio tuliouza tablo na kunyamaza.

Sasa nimalizie habari ya kundi letu. Baada ya sauti ya baba mudogo, kulikuwa kimya siku nzima. Kesho yake, yule mutoto aliyetuma picha aliandika: «Nkambo, utufasirie tena.» Mzee alituma sauti nyingine, hii ya dakika 12: habari za baba yake mwenyewe, kambi, kapita mumoja mubaya, na siku alipigwa mbele ya muke wake kwa sababu ya taa iliyovunjika. Mimi nilikuwa sijapata kuisikia. Niko na miaka 57.

Kisha dada mumoja wa Likasi alisema mama yake bado ana tablo ya namna ile, nyuma ya kabati. Siku ya Mungu alienda kuipiga foto, yote, na pembe zake. Imekuwa nyeusi kwa moshi wa mbabula, na panya wamekula upande wa kuume. Si ile ya kwanza: hapa muzungu ana ndevu, na wanawake ni watatu. Chini kabisa kuna rangi nyeupe. Tulikuza foto mpaka ikavunjika. Unasoma Tsh, kisha tundu la panya, kisha 74.

Baba mudogo anasema si Tshibumba, mukono si wake. Watoto wanasema ni yeye. Wanabishana mpaka leo.